Dashibodi ya kidigitali ya kujitengenezea: maswali ninayoulizwa kila siku

Tangu nimeweka skrini kwenye Corolla 110 yangu kila anayepanda anauliza kitu, na wanaouliza zaidi ni wale wanaotaka kujaribu wenyewe nyumbani, kwahiyo nimeona niyaandike yote sehemu moja nipumzishe mdomo. Mi sio injinia wala fundi umeme wa magari, ni mtu wa kompyuta niliyejifunza umeme wa gari kwa kuunguza vitu. Mifano mingi humu ni ya Toyota za Japani maana ndo zimejaa barabarani kwetu, ila ukiwa na Nissan au Subaru mambo mengi ni yaleyale.

Hiyo kitu inafanya nini hasa?

Inaonyesha spidi, mizunguko ya injini, joto la maji, mafuta, na volti za betri kwenye skrini badala ya mishale. Faida kubwa kwangu mimi ni joto na volti. Mshale wa temperecha wa gari nyingi umetengenezwa ukae katikati tu, maji yakiwa digrii 82 uko katikati, yakifika 98 bado uko katikati, siku ukiuona umepanda ujue gari ishachemsha. Namba haikufichi hivyo.

Ni teknolojia mpya hii?

Wala. Aston Martin Lagonda ilionyeshwa London mwaka 1976 ikiwa na mita za kidigitali, na Toyota Soarer ya 1981 ilikuwa nazo pia. Hata Vitz za mwanzo ukizikuta zenye mita ya namba pale katikati ya dashibodi ni hadithi hiyohiyo. Kilichobadilika ni kwamba sikuizi vifaa vyake unavibeba kwenye mfuko mmoja wa rambo.

Nianze na skrini gani?

Usianze na skrini. Najua ndo tamu, na kila anayenipigia anaanza na "nimeshanunua skrini ya inchi saba", afu miezi miwili baadae skrini iko kabatini kwasababu alipoichomeka kwenye gari ilizimika, au ilikuwa inajiwasha upya kila akipiga honi. Kazi kubwa ya hii kitu ni umeme na kuzisafisha signo (umeme unaobeba taarifa za gari, kama spidi na joto) kabla hazijafika kwenye kidude chako. Skrini ni wikiendi moja. Umeme mimi ulinichukua miezi minne.

Umeme wa gari si volti 12 tu, tatizo nini?

Ingekuwa 12 tu tungelala saa mbili. Gari ikiwa imezimwa betri nzima ina kama 12.6, injini ikiwaka alteneta inapandisha hadi kwenye 14 na kidogo, ukipiga stata inashuka chini ya 10 kwa sekunde kadhaa. Hayo ndo ya kawaida. Yasiyo ya kawaida ni pale betri inapochomoka kichwa wakati alteneta inachaji, hapo waya zako zinaweza kupata mpigo wa volti 80 na zaidi kwa muda mfupi sana, mfupi kwako, kwa kidude cha volti 5 ni mrefu wa kutosha kufa. Na bado kuna jamaa atakuja kukustua betri kwa kutumia lori la volti 24, hilo nalo lihesabu.

Watu wengi wanaanza na 7805, kile kipande cha kushusha volti hadi 5, kwasababu ni ya bei chee na iko kila duka. Fanya hesabu: gari ina volti 14, wewe unataka 5, tofauti ni 9. Skrini na ubongo wake (kompyuta ndogo inayoiendesha) vikila nusu ampea, 9 mara 0.5 ni wati 4.5, na zote zinageuka joto kwenye kipande kidogo kama kucha, ndani ya dashibodi ambayo tayari imechemka kwa jua la Dar. Yangu ilitoboa plastiki. Tumia kibadilishi cha volti cha aina ya LM2596, kinavumilia hadi volti 40 upande wa kuingilia na hakichemki kijinga. Kabla yake weka dayodi ya TVS, mimi naweka SMBJ24A, hiyo inakata mipigo kabla haijafika 40, na mtu akikuletea lori la 24 haiungui. Kabla ya yote hayo fyuzi ya ampea 2, na iwekwe karibu kabisa na pale unapochukulia umeme, sio karibu na skrini, maana fyuzi inalinda waya na waya unaungua kuanzia kule unakotokea.

Na chukua umeme kwenye waya wa IG (unaopata umeme ufunguo ukiwa ON), usichukue ACC (ule wa redio). Ukipiga stata ACC inakatwa, IG inabaki, hicho ndo kinachofanya skrini za watu wengi zizime kila wakiwasha gari. Ila waya ambao uko hai muda wote usiuguse kama hujui kuzimisha kidude chako kikae usingizini: kikila ampea 0.2 tu, kwa siku ni karibu ampea-saa 5, betri ya 45 ukisafiri wiki moja ukirudi unasukuma.

Gari yangu ina ile soketi ya pini 16 chini ya usukani, si nachomeka tu?

Hapa ndo wengi wanalizwa. Soketi kuwa na umbo la OBD2, ile lugha ya pamoja ya kuulizia gari taarifa zake, haimaanishi inaongea OBD2. Marekani walilazimisha OBD2 kuanzia magari ya mwaka 1996, Ulaya ikafata kwenye gari za petroli 2001, ila gari zetu zimetengenezwa kwa soko la Japani na huko hawakuwa na haraka hiyo, kwahiyo unakuta gari ya mwishoni mwa tisini ina soketi nzuri kabisa lakini ukiichomekea kidude inakaa kimya.

Chukua multimita upime kabla hujanunua chochote. Pini 16 ni umeme wa betri, uko hai muda wote, pini 4 na 5 ni ethi. Chungulia na tochi, kama pini 6 na 14 zina chuma ndani basi kuna uwezekano mkubwa gari yako ina CAN, laini ya waya mbili ambayo kompyuta za gari zinaongelea. Zima gari, toa ufunguo, subiri dakika kadhaa, pima omu kati ya 6 na 14: ukikuta kama 60 umepata, maana CAN ina resista mbili za omu 120, moja kila mwisho wa laini, zikiwa sambamba zinasoma 60. Kama 6 na 14 ni mashimo matupu lakini 7 ina chuma, hiyo ni K-line, laini ya zamani ya waya mmoja, inafanyika ila taratibu. Kama vyote hamna, karibu kwenye kundi langu la wenye Corolla za zamani.

Gari ina CAN, nahitaji nini?

Moduli ya MCP2515 inayosoma CAN na Arduino (kibodi cha kompyuta ndogo), au ESP32, kibodi kingine ambacho CAN iko ndani yake tayari, unaiongezea tu kisemeshi cha SN65HVD230. Zile moduli za bluu za MCP2515 zina mitego miwili ambayo nakuomba uisome mara mbili.

Wa kwanza: angalia ile kristali ya fedha inayong'aa kwenye moduli, imeandikwa 8.000 au 16.000. Nyingi ni 8, na mifano mingi ya programu imeandikwa kwa 16. Usipobadilisha hiyo sehemu moja kwenye kodi (ile ya kompyuta, sio ya TRA) utakaa usiku kucha unaona hakuna ujumbe hata mmoja na utalaumu gari. Mimi nililaumu gari siku tatu.

Wa pili: moduli ina kijampa cha resista ya 120. Kitoe. Gari tayari inazo mbili, ukiongeza ya tatu laini inalemewa.

Ukishapata mawasiliano kuuliza ni rahisi sana. Kasi ya laini ya OBD kwenye gari nyingi ni kilobiti 500 kwa sekunde, unatuma ujumbe kwenda anwani ya 7DF wenye 02 01 0C (namba za heksadesimali hizi), maana yake "nipe mizunguko", injini inajibu kupitia 7E8. Tuseme imejibu 04 41 0C 0B B8. Zile mbili za mwisho ndo jibu: 0B ni 11, B8 ni 184, ya kwanza zidisha kwa 256 ujumlishe ya pili unapata 3000, gawa kwa 4, mizunguko 750. Gari iko sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Siku nilipoiona hiyo 750 inacheza kwenye laptopu huku nasikia injini yenyewe inaunguruma nje nilimuita mke wangu aje aone, akaangalia, akasema chakula kinapoa.

Spidi ni 0D na inakuja moja kwa moja kwa kilomita kwa saa, joto la maji ni 05, toa 40. Mafuta ni 2F ila Toyota nyingi hazijibu hiyo, nitafika huko.

Kitu kimoja, usitume vitu usivyovijua kwenye laini ya CAN gari ikiwa inatembea. Kusikiliza na kuuliza hayo maswali ya kawaida haina shida. Kujaribujaribu namba nyingine fanya gari imepaki.

Na K-line?

Inaenda kwa kasi ya biti 10400 tu kwa sekunde, na laini yake ni ya volti 12, usiichomeke moja kwa moja kwenye Arduino. Tafuta chipu ya L9637D. Utapata majibu machache tu kwa sekunde, kwahiyo mshale wa mizunguko utaonekana unarukaruka, joto na spidi vitakuwa sawa tu.

Gari yangu ni ya zamani kabisa, haiongei chochote. Nifanyeje?

Unachukua signo moja moja, na mi nasema ndo njia tamu zaidi kwasababu unaielewa gari.

Mizunguko: kwenye Toyota za miaka ya tisini kuna kile kiboksi kwenye boneti kimeandikwa DIAGNOSIS, fungua kifuniko utaona tundu la IG-, hapo mizunguko inatoka, hukati waya hata mmoja. Injini ya silinda nne inapiga mara mbili kila mzunguko, kwahiyo mapigo 100 kwa sekunde ni mizunguko 3000. Lakini ile laini imeunganishwa na koili, na koili ikikatwa inarudisha mamia ya volti. Tumia optokapla ya PC817, kidude kinachopitisha signo kwa mwanga bila waya kugusana, mbele yake resista ya kilo-omu 10 ya wati 1, na dayodi ya 1N4148 iliyogeuzwa sambamba na kitaa kilichomo ndani ya optokapla. Ubongo wako unabaki upande wa pili haugusani na koili kabisa.

Spidi: Toyota nyingi za Japani zinatoa mapigo 2548 kwa kilomita. Ukienda 60 unatembea kilomita moja kwa dakika, hayo ni mapigo kama 42 na nusu kwa sekunde. Basi zidisha mapigo ya sekunde kwa 1.41 unapata spidi. Ukiwa umebadilisha saizi ya tairi utarekebisha kidogo.

Joto: usichezee sensa ya kompyuta ya injini ovyo. Ile sensa inapungua omu kadri joto linavyopanda, ya Toyota iko kwenye elfu mbili na nusu kwenye digrii 20, na kama 320 kwenye digrii 80. Ukiiwekea mzigo wako sambamba omu zinashuka, kompyuta inadhani injini ya moto, asubuhi inanyima mafuta na gari inakataa kuwaka. Isome kwa resista kubwa sana, au funga sensa yako nyingine pembeni.

Mafuta yanaonekana yanacheza, mara robo tatu mara nusu.

Kwasababu ndani ya tangi mafuta yanacheza kweli. Lile boya linapanda na kushuka kila kona na kila tuta, mshale wa asili huoni kwasababu umetengenezwa uwe mzito. Chukua wastani wa sekunde 30 au zaidi. Afu volti ya geji inabadilika na chaji, gari ikiwaka tu mafuta "yanaongezeka", kwahiyo soma volti ya betri pia na ugawe moja kwa nyingine.

Na tangi sio boksi la mraba, nusu ya boya sio nusu ya lita. Mimi nilienda sheli tangi likiwa karibu tupu nikamwambia dada wa pampu weka lita tano simama, nikaandika namba kwenye daftari, weka tano simama, nikaandika, mpaka likajaa. Nyuma yangu kulikuwa na bodaboda wanne na mmoja akauliza kama nawekewa dozi. Ila tangu siku hiyo geji yangu haikosei hata lita mbili.

Arduino, ESP32 au Raspberry Pi?

ESP32, bila kufikiria sana. Inawaka mara moja, ina nguvu ya kuchora skrini vizuri, na kuna zile bodi zinazokuja na skrini ya inchi 2.8 imeshafungwa, unapata vyote kwa pamoja. Kuchora tumia LVGL, maktaba ya programu za skrini. Angalizo tu, pini za analogi za kundi la ADC2 hazifanyi kazi WiFi ikiwa imewashwa, tumia za ADC1.

Raspberry Pi inapendeza, ila inachukua sekunde zaidi ya ishirini kuwaka, umeshatoka getini haijakuonyesha spidi, na ukizima gari ghafla kila siku kadi ya memori itakuja kuharibika. Ukiing'ang'ania ifanye kadi iwe ya kusomwa tu. Arduino Uno inatosha kama skrini yako ni ya namba tupu.

Na kama unapenda mishale, kuna vimota vya X27.168, ndo vilevile vilivyomo kwenye mita za magari mengi, vinakula umeme kidogo mpaka unaviendesha moja kwa moja na pini za Arduino.

Kwanini nisitumie simu ya zamani na kile kidude cha bluetooth?

Tumia! Kama gari yako inaongea OBD2, chomeka kidude cha ELM327, weka app ya Torque au RealDash kwenye simu, umemaliza jioni moja. Sio dhambi. Ila vile vya bei ya soda ni kopi, vingine vinajiita toleo la 2.1 na havielewi nusu ya amri, na simu ikikaa juani inajizima kwa joto. Kikitosha, tosheka.

Spidi ya GPS na ya mita ya gari havilingani, ipi ya kweli?

GPS, ukiwa barabara iliyonyooka na spidi haibadiliki. Mita ya gari inadanganya kwa makusudi: kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa, ambayo Japani nayo inaifata, inakataza mita kuonyesha chini ya spidi halisi, lakini inaruhusu izidishe hadi asilimia 10 na kilomita 4 juu yake. Kwahiyo watengenezaji wanaipandisha kidogo. Ila moduli ya GPS ya NEO-6M ikitoka dukani inasoma mara moja kwa sekunde, ukikanyaga breki inachelewa. Mi natumia mapigo ya gari kuonyesha na GPS kusahihishia.

Naweza kutoa mita ya asili kabisa niweke skrini pale pale?

Unaweza, ila usitoe. Nilitoa. Nikawa mjanja, nikaweka skrini yangu, nikawasha, ikapendeza, nikapiga picha, nikaenda Mbagala na kurudi. Kesho yake taa ya cheki injini... kumbe hata taa yenyewe ilikuwa kwenye mita niliyoitoa, kwahiyo sikuiona. Nilichoona ni sailensa imevurugika na gari inataka kuzima nikisimama kwenye mataa. Nilirudisha mita, nikaunganisha matundu ya TE1 na E1 kwenye kile kiboksi cha boneti, taa ikapepesa mara nne, ikapumzika, mara mbili. Kodi 42, sensa ya spidi. Kwenye gari yangu signo ya spidi inapita kwanza kwenye mita ndo iende kwenye kompyuta ya injini, nilipoitoa kompyuta ikawa haijui kama gari inatembea.

Hiyo ni moja. Ya pili, ile taa ndogo ya betri sio pambo, kwenye gari nyingi za zamani umeme unaopita kwenye taa hiyo ndo unaoamsha alteneta. Ukitoa balbu bila kuweka resista badala yake alteneta inaweza isichaji. Ya tatu, taa za airbag na ABS ziko humo, na kwenye gari kama Golf ya nne mpaka immobilizer (kinga ya wizi) iko ndani ya mita, ukiitoa gari haiwaki kabisa.

Skrini yangu sasa iko pembeni, juu ya redio. Mita ya asili iko palepale na haijui kitu.

Boksi la skrini nilitengeneze kwa printa ya 3D?

Ndio, ila sio kwa plastiki ya PLA. Inalainika kwenye digrii 60 na juu ya dashibodi ya gari iliyopaki juani inapita hapo. La kwangu la kwanza liliinama kama chapati iliyotundikwa kamba. PETG inajitahidi hadi kama 80, ASA ndo kabisa. Kama huna printa, boksi la plastiki la fundi umeme wa nyumbani na msumeno wa chuma vinatosha, rangi nyeusi isiyong'aa, basi.

Ilikugharimu kiasi gani na vitu ulinunua wapi?

Iliyofanikiwa kama laki na nusu. Na zile zilizoungua sizihesabu mbele za watu. Vifaa vidogo Kariakoo, plagi na waya za gari za mtumba Gerezani, na usinunue waya mpya wa spika utumie kwenye boneti, unapasuka kwa joto. Walio Nairobi wanajua Luthuli.

Usiku inaniumiza macho.

Chukua signo kwenye waya wa taa ndogo za gari, kupitia optokapla kama ya mizunguko. Taa ndogo zikiwaka programu ishushe mwanga wa skrini hadi asilimia 10 hivi. Na usiku tumia rangi ya chungwa kwenye giza, nyeupe na bluu zinachosha ukiwa safari ya Dodoma.

Siku ukiuza gari?

Plagi moja yenye waya sita, nachomoa, nabeba. Kilomita zinaendelea kuhesabiwa kwenye mita ya asili kama kawaida, na mnunuzi atakachokuta ni matundu mawili ya skrubu juu ya redio.